Geti Letu la Kijani

Kwako Mama Nafula,

Mulembe! Natumai watoto ni wazima na kifua cha Mama kimepata nafuu. Mimi mwili uko sawa, ila upweke unanimaliza. Barua hii nampa Wekesa wa Lubao anayekuja likizo. Kwa simu ningeona aibu kuyasema haya.

Ile picha ya geti letu la kijani niliwaonyesha wenzangu wote. Mimi ninayesimama getini kwa tajiri hapa Doha tangu asubuhi hadi jioni, kumbe huko Kabras na mimi nina geti! Hata uliponiambia limeziba njia ya chemchemi, na kwamba jirani yetu Nasimiyu, mjane wa watu, sasa anazunguka kwenye miwa na mtungi kichwani, nilikujibu, "Atazoea." Nisamehe.

Ijumaa nilitumwa dukani kwa miguu, jua likanipiga hadi macho yakaingia giza. Nikaomba maji kwenye geti la jirani. Mlinzi wa pale ni Mkenya, tunasalimiananga kila siku. Akaninong'oneza, "Braza, maji iko, lakini kamera inaniona. Nikikupa, nitafutwa kazi." Sikumkasirikia. Mimi pia niliwahi kumfukuza mtunza bustani aliyeniomba maji hivyo hivyo. Nikaketi kivulini, nikamkumbuka Nasimiyu. Tulipomzika Baba, ni yeye na wenzake waliotubebea maji ya matanga siku zote tatu, na hakuna aliyewaita.

Tajiri wangu ana ukuta, kamera na mbwa, na bado anatuogopa sisi tunaomlinda. Sitaki Nafula akue akiwaogopa watoto wa Nasimiyu, wala wao wakue wakimchukia.

Basi ling'oe geti, mchana, watu wakiona. Zile pesa nilizotuma za kuongeza ukuta nunua simiti na bomba, chemchemi ijengwe vizuri, iwe ya wote. Wakata miwa wetu nao tuwaongeze ujira, na wale chakula mezani pamoja nanyi, si nyuma ya jiko.

Msalimie Mama, Nafula, na shemeji fundi aliyelichomelea geti, mwambie asininunie. Kwa Nasimiyu nenda mwenyewe.

Ulisema tangu geti lifungwe hakuna anayepiga hodi, boma limekuwa kimya. Kimya hicho nakijua. Ndicho ninacholipwa kukilinda huku.

Mumeo anayekukumbuka,
Baba Nafula