Mapigo Mawili Uliyoyakata

Joubert Park,
Johannesburg.
19 Juni 2011

Mpendwa Kaka Ruphin,

Nakusalimu, kwa sababu mama yangu alinifundisha kumsalimu mtu hata ninapokwenda kwake kugombana. Hujambo? Mzazi wako Mama Joséline, miguu yake inaendeleaje? Watoto je? Hapo Lubumbashi umeme unapatikana siku hizi, au bado mnalala na mishumaa? Sisi huku tu wazima. Baridi ya mwaka huu ni kali, Papa anavaa sweta mbili na bado hatoki karibu na jiko. Vidole vyake vya mkono wa kushoto sasa havikunjiki kabisa, ila chakula anakula na usingizi anapata, tunamshukuru Mungu.

Mzigo wako umefika. Shemeji yangu Pacifique, huyu anayesafiri na mabasi, alinikabidhi pale Park Station: diski zako, unga wa muhogo na samaki wakavu. Samaki ni wazuri. Kwa samaki nakushukuru.

Sasa tuje kwenye diski. Wewe ni mkubwa wangu, na mkubwa haambiwi na mdogo wake maneno ninayotaka kuyasema, lakini leo utayasikia. Umeharibu, Ruphin. Umeharibu kazi ya baba yako na ya baba yangu, na umeiharibu huku ukijipongeza.

Nilikukabidhi kaseti moja. Unajua kwamba hakuna nyingine. Ni onyesho la mwaka 1979 kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa mgodi, kule Likasi: marehemu baba yako, Baba Mkubwa Théodore, akiimba na kofia yake pana ya mchunga ng'ombe wa Kimarekani, na Papa nyuma yake na gitaa. Zilikuwa nyimbo za kantri walizozigeuza maneno ili watu wacheke. Ulisema utaziweka kwenye diski, wajukuu wazisikie. Nikasema vema, mcheza kwao hutuzwa.

Halafu unaniandikia kwamba vijana wa studio wamemrekebishia Baba Mdogo makosa yake, eti si unajua mambo ya uzee. Uzee gani? Siku ile Papa alikuwa na miaka thelathini na saba. Wewe leo una arobaini na minne na nywele unapaka rangi.

Na makosa gani? Ngoja nikueleze, maana naona hukuwahi kuuliza.

Chukua ule wimbo wa mbuzi. Wamarekani waliuimba kama wimbo wa mwanamume anayemlilia mke aliyeondoka na treni. Baba Mkubwa akaugeuza, akamlilia mbuzi aliyechinjwa na mashemeji. Anaimba ubeti mzima watu wakidhani ni mke: macho yake, mwendo wake, jinsi alivyokuwa akimngoja mlangoni. Akifika kwenye kiitikio anasema, "Rudi, rudi kwangu," halafu gitaa linanyamaza. Mapigo mawili. Ukumbi mzima unangoja. Ndipo anapomalizia kwa unyonge, "mbuzi wangu," na Papa anatelezesha kisu cha mezani juu ya nyuzi, gitaa linalia kama mjane. Tena ile sauti anaishusha kidogo tu chini ya mahali pake, kwa kusudi, kwa sababu mtu anayelia kweli hawezi kuimba sawasawa.

Hayo mapigo mawili ndiyo uliyoyakata. Vijana wako waliona pengo kwenye kompyuta wakaliziba, ili ngoma yao ya mashine isikwame. Sasa "rudi kwangu mbuzi wangu" inapita kwa pumzi moja, na asiyetega sikio hata hajui kama kuna mbuzi. Sauti ya kisu wakainyoosha. Na mlipoona wimbo umekwisha bila mtu kucheka, mkabandika vicheko vya mashine. Yaani umeondoa nafasi ya watu kucheka, kisha ukaleta watu wa kucheka. Nani alikufundisha akili hiyo?

Nadhani tatizo lako ni kwamba kwako wale walikuwa wachekeshaji tu, na mchekeshaji hata akipiga hovyo si kitu. Hukuwaona wakifanya mazoezi. Mimi niliwaona, nilikuwa nakaa sakafuni pale sebuleni kwetu. Walianza kwa kuupiga wimbo wenyewe jinsi ulivyo kwenye santuri, wiki nzima, mpaka hakuna tofauti, na baba yako hakuruhusiwa kutia hata neno moja la mzaha kabla Papa hajaridhika. Papa alikuwa akisema kwamba ukiupiga vibaya wimbo unaoutania, watu watakucheka wewe, wimbo utabaki salama. Siku ya onyesho baba yako alivaa kofia na viatu visivyofanana. Papa alivaa tai. Uso wake haukucheka, na gitaa lake halikucheka, ndiyo maana watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Utani ule ulibebwa na mtu asiyetania. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini wewe ni damu yangu, kwa hiyo nakuambia.

Kibaya zaidi, mkamtafuta kijana apige gitaa jipya juu ya gitaa la Papa. Kijana ana vidole vyepesi, sitamnyima haki yake. Lakini anajaza kila mahali, hapumziki, utadhani analipwa kwa kila noti. Papa ukimtafuta chini yake humpati. Na kwenye jalada mmeandika kwa herufi kubwa kuliko za baba yako mwenyewe: Gitaa, Papa Anatole.

Diski tuliisikiliza Jumapili iliyopita, baada ya kanisa. Papa alivaa koti. Nilimwalika jirani yangu Emérite, mama wa Kirundi tunayeshirikiana naye jiko, kwa sababu miaka yote amekuwa akisikia habari za nyimbo hizi bila kuzisikia zenyewe. Wimbo wa mbuzi ukaanza. Vicheko vikalipuka kabla mbuzi hajatajwa. Binti yangu Shekinah, ambaye Kiswahili anakielewa ila anajibu kwa Kiingereza, akauliza watu hao wanacheka nini ilhali hakuna aliyetania. Emérite akawa anatazama chai yake. Niliona aibu, Ruphin, aibu ya mtu aliyesifia chakula cha kwao kikaja kimeungua.

Niliizima. Unajua mimi hapa napata riziki yangu kwa kupiga katika bendi ya harusi, siongei kama mpita njia. Nikachukua gitaa langu na kisu cha mezani, nikauimba ule wimbo mwenyewe kwa sauti yangu hii mbaya, na nilipofika mahali penyewe nikanyamaza, nikangoja. Emérite alimwaga chai. "Eish, kumbe ni mbuzi," akasema, na akaendelea kucheka hata nilipokwisha kuweka gitaa chini. Sikuongeza kitu chochote pale ila yale mapigo mawili.

Sasa nisikilize vizuri. Unasema upande wa pili wa kaseti utautoa kabla ya Noeli. Hutautoa. Usiuguse, wala usimpe mtu auguse. Papa hatapiga tena, hali ya vidole vyake nimekwisha kukuambia. Mkono wake umebaki kwenye kaseti ile na si mahali pengine duniani. Pacifique atapita kwako mwezi ujao. Mkabidhi kaseti mkononi, usimwachie mlinzi wala mtoto wa duka lako. Ukianza visingizio nitapanda basi nije mwenyewe, na sitaanzia kwako, nitaanzia kwa Mama Joséline.

Haya yote Papa hajui kama nimeyaandika. Yeye alinituma maneno mengine, na sina budi kuyafikisha.

Nilipokuwa nikiicheza diski alikaa na mikono juu ya magoti. Baada ya Emérite kuondoka akaniomba nimwekee tena ule wimbo. Akasikiliza mpaka katikati, kisha akaniuliza, "Huyu mwenye anapiga gitare ni nani?"

Nikamwambia, "Wanasema ni wewe, Papa."

Akaomba jalada. Akalishika mbali na macho, akalisoma polepole, akanirudishia. Nilidhani atakasirika, na nilitaka akasirike. Lakini alisema hivi: "Umwandikie Ruphin aksanti. Umwambie tu baandike jina ya ule kijana. Ni yeye alitumika ile kazi. Jina yangu batoe."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayerudisha koti alilopewa kwa makosa. Halafu akauliza kama kuna samaki waliobaki.

Mimi nililia jikoni, na wewe hutanilipa kwa hilo, kwa hiyo sikudai. Ila jina la baba yangu ulitoe kwenye majalada yote yaliyobaki, na hizo diski ulizokwisha kusambaza madukani zirudi, hata kama utapita mlango kwa mlango. Alitaka kuacha kazi yake, si jina lake juu ya kazi ya mwingine.

Nisalimie Mama Joséline, umpe pole ya miguu na umwambie dawa ya kuchua nitampa Pacifique amletee. Nisalimie mkeo na watoto, na yule mdogo wetu Élysée kama bado anakaa hapo kwako. Papa anawasalimu nyote kwa moyo mweupe. Wangu mimi bado.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya, akupe miaka mingi, na akikumbuka, akupe na masikio.

Ni mimi dada yako, nikupendaye, ingawa leo kwa shida,

Denise