Kiti ya nyuma ya dereva

Mama Nabintu,

Sombe iko mu sufuria, ni ya kupasha tu. Tonton Aloys, fundi wa chuma, akikuja, asiguse bisi mpaka nirudi kutoka Mudaka na mbao za kitanda.

Asubuhi ulienda ku misa na kasirani, sababu nilikataa Aloys ang'oe kiti ya nyuma ya dereva tuweke jiko. Ulisema: hii si bisi ya masomo tena, ni gari yetu ya kulala na kubeba mizigo mpaka Shabunda. Ni kweli. Lakini sikuweza kujibu mbele ya Aloys.

Alipochoma chuma ya ile kiti aing'oe, rangi ilibabuka. Chini yake kukatokea EULALIE. Mutoto wetu aliandika jina yake ya ubatizo na musumari. Ule mwaka serikali ilikataza majina ya ubatizo, mimi dereva wa masomo niliogopa. Nilimupiga kofi, nikapaka rangi juu. Hata ku musalaba ya kaburi yake tuliandika Nabintu tu.

Jiko itakaa kule mwisho ya bisi. ~~Usiende kuangalia.~~ Enda uangalie. Pole, Mama.

Papa ~~Nabintu~~ Eulalie