Mwanya Juu ya Ukuta wa Mama

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo mzito.

Leo nimeenda mtaa wa mabanda wa Lindi kutoa vitu vya Mama. Ni wiki tatu tangu tumzike nyumbani Kitui.

Mnaonisoma humu bloguni mnajua vita vyangu na zile ploti za kupangisha: vyumba kumi vya udongo vinavyotazamana, ujia mwembamba katikati, na kuta zinazokomea juu kidogo ya kichwa bila kufika kwenye mabati. Ukikohoa chumba cha kwanza, cha tatu wanakupa pole. Niliandika kwamba huo ni unyang'anyi. Maskini naye ana haki ya faragha, nikafoka, na anayebisha hajawahi kulala huko.

Mimi nilizaliwa huko. Nani angenibishia?

Mama alikataa kuhamia kwangu, mtaa wa Satellite. Basi mwaka jana nikaleta fundi, tukaziba ule mwanya kwa mbao mpaka kwenye mabati. Mama akatazama, akauliza, "Sasa Mama Otieno atanisikiaje?"

Nikacheka. Nikamwambia nia ni hiyo hasa, asimsikie.

Mama Otieno ni jirani wa ukuta mmoja, miaka ishirini sasa. Kila alfajiri alimwita Mama kupitia pale juu, naye Mama akaitika. Tulipoziba, akajaribu kubisha mlangoni, kisha akaacha, asimkatizie usingizi mtu wa presha.

Mama alianguka kando ya jiko, mchana. Daktari anasema hakufa papo hapo.

Aliita. Najua aliita. Mama Otieno alikuwa upande wa pili, anakaanga samaki.

Leo nilitarajia anilaumu. Nilikuwa hata nimeandaa majibu, ndivyo nilivyo. Badala yake akanishikia stuli nikang'oa zile mbao, misumari ikitoka na madongo ya ukuta.

"Umesoma sana, Mutua," akasema. "Lakini sisi hukutuuliza."

Akaenda kwake. Nikakaa sakafuni, chumba kitupu, nikimsikia akipuliza makaa. Halafu sauti yake ikapita juu ya ukuta:

"Mutua, umekula?"



Makala yangu sitaifuta. Kuta zile bado ni mbovu, na mwenye ploti bado ni mnyang'anyi. Ila kesho nitaongeza chini yake kwamba mwanya wa Mama niliuziba mimi.