Kuvu na Pampu ya Mjomba

Jumatatu, 9 Juni

Nimekagua mimea kumi tena kabla ya shule. Saba ina viwavi. Jana ilikuwa mitano. Hesabu naiandika kiganjani kwa kalamu, maana daftari hulowa umande.

Viwavi jeshi. Wanajificha kwenye moyo wa mmea, na kinyesi chao kinabaki juu ya majani kama unga wa mbao. Mahindi yamefika magotini. Mama aliyapanda maji ya mto yalipoondoka shambani, na mbegu haikubaki hata punje. Haya yakiliwa, hakuna mengine.

Mjomba Komora, kaka yake Mama, amepita na chupa ya sumu. Anataka Mama anyunyize leo. Mama aliendelea na palizi. Msimu uliopita alinyunyiza bila kuziba uso, akatapika siku mbili, mikono ikatoka malengelenge. Mimi ndiye niliyemshikia beseni. Sitaki kuliona tena beseni lile.

Nilitaka kusema hivyo. Sikusema. Mimi husema lini?

Jumanne, 10 Juni

Nimenyoosha mkono darasani! Mwalimu wa Kilimo alikuwa akieleza juu ya kuvu wanaoua wadudu. Mbegu zao, ndogo kuliko vumbi, zikimgusa kiwavi humea juu ya ngozi yake, hupenya, humla kwa ndani. Anakufa baada ya siku kadhaa. Mtu hadhuriki. Watafiti walimwachia mwalimu pakiti za majaribio, akauliza nani ana shamba lenye viwavi. Kila mtu analo. Hakuna aliyetaka kazi. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

Nimepewa pakiti mbili. Unga wa kijani kibichi kilichofifia. Maelezo nimeyasoma mara tatu. Usiweke juani. Nyunyiza jioni. Uwe na subira.

Nimezificha kando ya mtungi wa maji, penye ubaridi.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbili nimezunguka na siri ya pakiti moyoni. Leo asubuhi nimemwambia Mama, nikiangalia chini. Nilieleza vibaya, nikarudia. Akasema, "Haya. Msimu huu nitakusikiliza wewe."

Afadhali angekataa. Sasa shamba liko juu ya kichwa changu.

Jioni Mjomba alituazima pampu yake ya mgongoni, akacheka mpaka akakohoa. "Dada, unawapaka viwavi poda? Na wanja mtawapaka?" Halafu akaacha kucheka. Ametupa muda mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Viwavi wakiwa hai siku hiyo, atakuja kunyunyiza sumu mwenyewe.

Ndani ya mdomo wa pampu kulikuwa na ukoko wa manjano. Nilitaka kumuuliza ni wa nini. Alikuwa akizungumza na Mama. Jua lilikuwa linazama. Nikaisuuza mara moja, nikachanganya pakiti ya kwanza kwenye ndoo, nikamimina kwenye pampu, tukaanza kunyunyiza.

Mchanganyiko kidogo ulibaki kwenye ndoo. Nimechovya viwavi sita humo, nikawatia kwenye kopo lenye jani la mhindi na kitambaa chenye unyevu. Nataka kuona kwa macho yangu.

Jumamosi, 14 Juni

Wote hai. Shambani na kwenye kopo. Subira.

Jumapili, 15 Juni

Tulipotoka kanisani, jirani yetu Mama Jillo alimshika Mama mkono mbele ya wanawake wote. "Mama Rehema, naskia nyinyi mumewapikia viwavi uji. Wangu nao wana njaa, niwalete?"

Wakacheka. Mama pia alicheka kidogo, kwa adabu. Njia nzima nilihesabu hatua.

Jumatatu, 16 Juni

Tisa kati ya kumi.

Wanakula mchana sasa, hawajifichi. Nimesimama katikati ya shamba nikawasikia. Au nimedhani nimewasikia. Kopo sikulifungua. Naogopa.

Jumanne, 17 Juni

Kwenye kopo wawili wamekufa! Wamekakamaa kama vijiti.

Shambani hakuna hata mmoja aliyekufa. Nimefungua mimea ishirini. Nimechelewa shule, nimesimamishwa mlangoni mbele ya watu wote.

Jumatano, 18 Juni

Kopo: watano wamekufa. Mmoja ana utando mweupe, kama pamba. Ndivyo mwalimu alivyosema, utando mweupe kwanza, kisha wa kijani.

Shamba: wanene na wazima.

Sielewi. Pakiti ileile. Maji yaleyale. Jioni ileile. Wa kwenye kopo niliwachovya kwenye ndoo. Wa shambani walipata kilichopita kwenye pampu. Nimeandika hivyo nyuma ya daftari la Hesabati na kuyakodolea macho maneno hayo kipindi kizima.

Pampu.

Ukoko wa manjano.



Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda kwa Mjomba baada ya shule, kopo mkononi. Nilizunguka boma lake mara mbili kabla ya kubisha hodi. Nikamuuliza, "Mjomba, kabla ya kutuazima pampu, uliweka dawa gani?"

"Ya maembe. Ile ya kuzuia ukungu kwenye maua. Kwani?"

Ukungu ni kuvu. Dawa ya kuua kuvu. Mimi nimewatia kuvu wetu humo kwa mkono wangu, wakafa kabla hawajafika kwenye jani. Nilimweleza. Nikamfungulia kopo. Hakucheka. Alimtazama yule kiwavi mweupe, akasema polepole, "Sasa wewe daktari, kwa nini hukuniuliza?"

Jibu nilikuwa nalo, ila ni la aibu. Niliona haya.

Nyumbani Mama alikuwa akichambua kunde. Nilimwambia kila kitu. Hakuinua kichwa.

"Ukoko uliuona?"

"Niliuona."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Akaendelea kuchambua. Angenipiga ningelala vizuri zaidi.

Ijumaa, 20 Juni

Nilidhani Mama amekata tamaa na mimi. Niliporudi kutoka shule nilimkuta uani na chupa nne za maji, mpya, akitoboa vifuniko kwa sindano. "Pampu hatuitaki," akasema. "Lete ile pakiti ya pili."

Kwa chupa, mmea mmoja mmoja, pakiti inatosha nusu ya shamba. Tumechagua nusu ya chini, upande wa mto. Ya juu imeliwa vibaya. Hakuna aliyesema kwa sauti kwamba ile ya juu nimeipoteza mimi.

Tulidondoshea kwenye moyo wa kila mmea mpaka jua likazama. Mama mstari wake, mimi wangu. Viwavi wengine wamekuwa wakubwa, na wakubwa kuvu huchelewa kuwaua. Huenda tumechelewa.

Jumamosi, 21 Juni

Mjomba amefika asubuhi na chupa yake ya sumu, kama alivyoapa. Mama alimsimamisha kwenye kijia cha shamba, mikono kiunoni.

"Nusu ya juu tunaikata, wapewe ng'ombe. Ya chini ni ya Rehema. Hiyo yako karudishe nyumbani, kaka."

"Mtakula nini, dada? Mtakula vitabu?"

"Tukikosa tutakuja kula kwako."

Mjomba akanitazama. Nikasema: "Mpaka Ijumaa, Mjomba. Tafadhali." Akaiweka chupa chini ya mti, akachukua panga, akaanza kukata nusu ya juu pamoja nasi.

Alasiri mzee wa Kiorma anayechunga ng'ombe ng'ambo ya barabara alikuja na mkokoteni wa punda. Aliuliza swali moja tu: yametiwa sumu? Nilijibu mimi. Hapana. Nikamtajia na ule ukoko wa pampu, akayachukua hata hivyo. Nimelia nyuma ya mkokoteni, hakuna aliyeniona.

Jumatatu, 23 Juni

Mimea saba kati ya kumi ina viwavi hai. Upande wa juu ni visiki tu. Sitaki kuutazama.

Jumatano, 25 Juni

Saba tena. Mama Jillo ameuliza, tumevuna nini mapema hivyo? Nimemjibu kwamba nilikosea pampu. Nimemweleza yote mpaka akachoka kusikiliza. Sijui nilitoa wapi mdomo.

Sikupata usingizi vizuri.

Ijumaa, 27 Juni

Asubuhi sikwenda shambani. Niliogopa, nikapitiliza moja kwa moja shule. Siku nzima sikusikia somo hata moja.

Niliporudi, Mama alikuwa jikoni akipepea moto. Alinyoosha mkono wa kushoto tu, kiganja juu. Kiganjani kulikuwa na vijistari vya hesabu, vya kalamu yangu, vimepinda, vingine vimefutika kwa jasho.

"Mimea kumi nimefungua," akasema. "Watatu hai. Wanne wamevaa nyeupe. Mitatu haina kitu."

Nilileta daftari. Nikaandika: watatu, wanne, mitatu. Nusu ya shamba.

Hakunawa mkono mpaka nilipomaliza kuandika.