Bastola ya Babu Iliyogoma Kula

S.L.P. 88,
Pigeon Fork,
Kentucky.

11 Juni 1996

Mpendwa Shangazi Verlene,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini mko salama huko Alaska, na kwamba mgongo wa Anko Rufus umetulia tangu ashuke kwenye meli ya samaki. Sisi ni wazima, ila tumechoka. Baba yuko zamu ya usiku mgodini, Mama anapalilia maharage, nami tangu nimalize shule nashinda bandani na Babu. Ukiniuliza nimefanya nini na cheti changu, nitakuonyesha vidole vyeusi.

Nimeona nikuandikie habari za baba yako, maana kwenye simu yeye hukuambia kila kitu ni shwari.

Tangu Bibi Opal atutoke, Babu hatoki nyumbani ila Jumamosi, kwenda uwanja wa shabaha. Kanisani tunamvuta. Basi masika haya bastola yake ikaanza kukwama. Unajua hanunui risasi za dukani. Anayeyusha vile vipande vya madini ya risasi vya kusawazishia magurudumu anavyopewa gereji, anamwaga vichwa vya risasi kwenye kalibu, kisha anavipachika kwenye maganda yaliyokwisha kutumika. Sasa risasi ikawa inaingia nusu, inang'ang'ania mlangoni mwa mtutu, na bastola haifungi. Wenzake wakamtania: "Mzee Orville, bastola yako imegoma kula, au imeokoka?" Akacheka nao, lakini tuliporudi alienda bandani moja kwa moja.

Utani uliisha Jumamosi moja mwezi uliopita. Ilikwama, akahangaika nayo, akageuka kuomba msaada, na mdomo wa bastola ukageuka pamoja naye. Mstari mzima wa watu ulilala chini. Bwana Delmas Fugate, msimamizi wa uwanja, aliitoa mkononi mwake polepole, akamwita pembeni. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mzee, nakuheshimu kama baba yangu. Ila ikikwama tena nitakutoa mstarini mbele ya watu, na sipendi nifike huko."

"Haitakwama," Babu akajibu.

Kuanzia hapo kazi ikaniangukia mimi, kwa sababu macho yake hayaoni tena vitu vidogo. Shangazi, sikujua kitu kidogo vile kinaweza kumchosha mtu hivi. Tulibadilisha nta ya kulainishia. Tulipanua midomo ya maganda ili isikwangue vichwa, kisha tukaibana upya. Zilizokwama nilizing'oa vichwa kwa nyundo, nikaanza tena. Na kila risasi tuliipima kwa desturi yake unayoikumbuka, kuidondosha kwenye mtutu mtupu wa kupimia. Ikiingia yenyewe na kutoka yenyewe, ni njema. Zote zilikuwa njema. Tukienda nyuma ya banda kuzijaribu, bastola inazikataa.

Babu akasema ni mikono yangu. "Ina haraka kama ya shangazi yako. Yule naye alikuwa anamwaga vichwa kama anakaanga mayai." Nisamehe, nakupa maneno yake tu.

Siku moja nilikuwa nimeifungua bastola niisafishe, mtutu wake uko mapajani pangu. Ule wa kupimia hutundikwa kwenye msumari juu ya meza, nami nilichoka hata kunyanyuka kuufuata. Nikadondosha risasi kwenye huu wa mapajani. Ikaingia nusu, ikashika, ikabidi niivute kwa vidole. Nikajaribu nyingine, ikashika vilevile. Hapo nikaelewa. Mtutu wa msumarini ni ule wa zamani, alioutoa mwaka juzi ulipochakaa akaweka mpya. Aliuacha hapo uwe wa kupimia, kwa sababu kuifungua bastola kila mara kunaumiza vidole vyake. Lakini umelegea kama kiatu kikuukuu, mguu wowote unaingia.

Unajua nilivyo mwoga wa kusema. Nilikaa na jambo hilo hadi tulipokwisha kula, kisha nikamwekea mitutu yote miwili na risasi kando ya sahani. Alijaribu mwenyewe, mmoja kisha mwingine, akipapasa kwa kidole. Mwishowe akasema, "Kumbe nilikuwa namuuliza marehemu habari za walio hai."

Tuliposhindilia vichwa ndani kidogo tu, tukivipima kwenye mtutu wenyewe, vyote vilipita.

Jumamosi iliyopita bastola ilikula kila tulichoipa. Babu hakupata shabaha, Shangazi. Matundu yake yalikuwa pembezoni mwa karatasi, na mengine hatukuyaona kabisa. Lakini haikukwama. Alipomaliza aliifungua, akaonyesha kwamba ni tupu, akailaza mezani mbele ya Bwana Fugate.

"Leo haijakwama, Delmas. Kwa hiyo naondoka kwa miguu yangu."

Hakuna aliyemtania. Garini aliniambia kwamba tangu majira ya baridi hajaona shabaha vizuri, wala ncha ya bastola yake mwenyewe. Hakutaka tu kutolewa.

Nilidhani sasa tutapumzika. Jana asubuhi nilimkuta bandani, jiko linawaka, chungu cha kuyeyushia kimejaa. Nikamuuliza risasi hizo ni za nani.

"Zako," akasema. "Jumamosi utasimama mahali pangu."

Shangazi, sipendi kusimama mbele ya watu. Wewe ulikuwepo nilipopewa kusoma kanisani, sauti ikanikauka. Wala kupiga shabaha sikupendi, na hivi nilivyochoka sitaki kuuona mtutu hadi mwakani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie. Lakini Babu, ambaye siku hizi hunyoa Jumamosi tu, alikuwa amenyoa ndevu, na ilikuwa Jumatatu. Nikachukua kijiko, nikaanza kuondoa takataka zilizoelea juu ya chungu.

Nisalimie Anko Rufus, na Tobin na Marvella, uwaambie Mama anawafumia soksi. Mungu awafunike huko kwenye baridi, na awarudishe kwetu mkiwa kamili.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye hata akiwa amechoka,

Lenora Stidham