Chuma Niliyogonga Mapema

Dada Keziya,

Basi huyo inspekta niliyeanza kukuambia juzi kabla wino haijaisha. Lakini wacha kwanza nikusalimu, usiseme Marita amekosa adabu huku ugenini. Hujambo? Na mguu ya shemeji imepoa? Sisi hapa Kapkatet tuko wazima, baridi tu na mvua kila mchana. Mwanao Enosi amenenepa, namlisha mwenyewe hapa jikoni ya chuo mpaka wenzake wanamcheka, "Mtoto wa mpishi!"

Sasa sikia. Inspekta alikuja kuangalia kama hii chuo ya walimu inafaa. Akikubali, cheti ya Enosi inajulikana kwa serikali, anafundisha popote. Akikataa, ni karatasi ya kufungia chumvi. Anaangalia vitabu, vitanda, choo, lakini sana sana anataka kuona vijana wakifundisha darasa la watoto, tena watoto wale wale mwaka mzima. Na sisi darasa hatuna, dada! Vijana wanafundishana wao kwa wao, mmoja mwalimu, wengine wanajifanya watoto. Watoto wenyewe wako shambani, wanachuma chai na mama zao.

Bwana mkuu wa chuo akaniambia, "Marita, wewe unajuana na watu wote." Nikaenda kwa nyumba za wachumaji, nikaahidi uji ya sukari, nikarudi na watoto wameoshwa mpaka wanang'aa. Nilijiona mtu mkubwa, nisikudanganye.

Enosi ndiye alisimama kufundisha. Sauti yake nzuri! Lakini kutoka jikoni sikusikia inspekta anasema nini, na unanijua, nikikosa habari nawashwa. Nikasema wacha nigonge mapema ile chuma ya chakula, ndiyo kengele yetu, watoke, nisikie. Nikagonga.

Uwi! Wale watoto, huko shambani chuma ikilia wanajua kitu moja tu: majani yanapimwa. Wote juu, mbio kwa mizani, mmoja analia, "Kikapu yangu iko wapi?" Inspekta akabaki na Enosi na chaki yake. Akauliza, "Hawa ni wanafunzi ama ni wachumaji?" Na mimi nilicheka, dada. Mungu anisamehe, nilicheka kwanza.

Chuo imekataliwa mpaka tupate darasa la kweli. Na hapo inspekta hakukosea. Lakini Bwana mkuu ana hasira, anatafuta mtu aliyegonga chuma. Kutunza nyundo ya kuigongea ilikuwa zamu ya Enosi, akaulizwa mbele ya wote, "Nyundo ulimwachia nani?" Akasema, "Sijui, Bwana." Anajua! Alinipa mimi, kwa hii mkono yangu. Nilikuwa nimesimama hapo na sufuria, na hii mdomo yangu isiyojua kunyamaza, siku hiyo ikanyamaza. Niliogopa kupoteza kazi. Sasa wanataka kumfukuza mtoto wako.

Nisalimie mama, mwambie blanketi yake nimeinunua. Nisalimie jirani anayenichungia mbuzi, na shemeji na mguu yake, na

Ngoja, Enosi ananiita hapo nje. "Mama mdogo, toka basi nikuage! Bwana mkuu amesema niondoke leo." Ana sanduku kichwani, dada. Naacha hapa. Naenda kwa ofisi nikaseme, na aproni hivi hivi, kabla hajafika barabarani.

Mdogo wako,
Marita