Posa ya Athmani na Elimu Yake ya Pili

Mama yangu mpenzi,

Naubusu mkono wako kutoka huku Mombasa, na naliuliza hali goti lako: bado lakuuma ukipanda ngazi, au ile dawa ya kuchua imefaa? Mimi mzima, nimenenepa hata kanzu ya Idi yanibana. Binamu Mwanamkuu anayekusomea barua hii asome polepole, wala asiruke pale ninapojisifu.

Mama, nimechoka. Nimefika Bombay, nimefika Karachi, nimegombana na mabaharia wa Kigiriki nikawashinda kwa lugha yao wenyewe (maneno matatu, lakini makali). Ila Mzee Sefu, baba yake Zuhura tuliyemposea Athmani, amenishinda kwa Kiswahili.

Wajua posa yetu ilivyokubaliwa. Mzee ni fundi saa hapa Ndia Kuu, na aliposikia mdogo wangu Athmani yuko Uingereza yuwasoma hisabati, alinipa mkono pale pale dukani. Tangu hapo, kila aliyeleta saa alirudi na habari za mkwe.

Sasa Athmani kaniandikia kuwa shahada ni moja lakini elimu ni mbili, hisabati na elimu ya nafsi, sawa kwa sawa. Huwapa watoto maswali, akayapima majibu kwa hesabu, apate kujua kwa nini huyu hushika na huyu hashiki, na kama kosa ni la mtoto au la mwalimu. Akaongeza: "Kaka, wewe ndiwe uliyenifundisha kujumlisha kwa kokwa za tende, na ndiwe waliyekutoa shule wakisema kichwa chako jiwe. Nataka kujua walikosea wapi."

Nilifurahi, Mama. Nikaona mkwe wa elimu moja ni dhahabu, wa mbili ni dhahabu na lulu. Nikaenda dukani mbio.

Mzee akakitoa jichoni kile kioo chake cha kutazamia saa. "Nafsi? Yuwaisoma vipi? Saa naifungua nikaona ndani. Mtu hufunguliwa wapi?"

Mwingine angesema sijui. Mimi nikamwambia, "Akirudi, Mzee, atakutazama mara moja tu, ajue wawaza nini. Kisha akupigie na hesabu yake."

Nilidhani nampamba mdogo wangu. Mzee akasema, "Mkwe ajuaye hesabu namtaka. Lakini ajue hesabu, kisha ajue na yaliyo moyoni mwangu? Huyo si mkwe, huyo ni Munkari na Nakiri. Malaika hao wa maswali tutaonana kaburini, sina haja ya kuwaoza binti."

Waliokuwa barazani wakacheka hata mmoja akamwaga kahawa. Nami nilicheka, maana neno lilikuwa zuri. Sikujua yuwasema kweli.

Kesho yake, mtaa mzima, Athmani ni mganga wa wazimu! Wanawake waulizana kama Zuhura akinuna atapimwa. Nimemweleza Mzee kuwa si uganga, si ramli. Nimempelekea halua. Halua ameila. Mwisho akanambia, "Sikiliza, Shee. Mwandikie nduguyo aiache hiyo ya pili, na harusi ipo. Mshika mbili moja humponyoka."

Nilishika kalamu, Mama, nikashindwa. Nitamwambiaje aache kulitafuta kosa nililofanyiwa mimi? Ijumaa, baada ya sala, nikarudi dukani.

"Mzee, mdogo wangu hachagui. Zote mbili ni zake."

"Na binti ni wangu," akasema.

Jioni vitu vyetu vya posa vikarudi: pete, udi, na zile leso, hata hazijakunjuliwa. Nina hasira. Hasira na Mzee, ambaye ni mtu mwema na saa yangu hunitengenezea bure. Hasira na ulimi wangu. Hasira hata na Athmani, kwani angeshika moja tu, sasa hivi tungekuwa twatafuta mpishi wa pilau.

Nisalimie mjomba wetu muadhini, shangazi muuza mikate ya mofa, na jirani yetu mkunga, aliyetupokea sote duniani na hajatudai shukrani.

Jambo moja nakuomba. Athmani ana mtihani mkubwa mbele yake, na habari hii asiipate mpaka aumalize. Akikuandikia kukuuliza habari za Zuhura, mjibu kuwa hajambo. Si uongo. Jana nimekutana naye ndiani na shangazi yake. Shangazi akageuza uso kutazama ukuta, naye Zuhura akasimama ndani ya buibui lake akaniuliza, "Shemeji, Athmani hajambo?"

Nikamwambia hajambo.

Mimi mwanao, mwenye ulimi,
Shee